Simu ya Mama Mkwe

Msikilizaji wangu, mwanamke amepanda gari na mumewe, wanakwenda posa. Wakiikaribia nyumba ya watu, mke anashuka, anabaki barabarani peke yake. Mume anaendelea, anapokewa kwa chai na heshima, anamtazama binti, anajibu maswali ya wazee. Akimaliza anarudi kumchukua mkewe. Njiani anamsimulia binti yule alivyo na alivyosema, na wawili hao wanacheka. Siku nyingine wanakwenda nyumba nyingine, na mke anashuka tena. Mke huyo anamtafutia mumewe mke wa pili, na mume anamwambia kila siku kwamba yeye hamtaki huyo mke wa pili.

Haya yamo katika filamu ya Iran inayoitwa Leila, ya Dariush Mehrjui, iliyotoka mwaka 1997 kutokana na hadithi ya Mahnaz Ansarian. Nimekusudia kuizungumza leo kwa sababu kila nikikaa na watu kuitazama, mjadala unaofuata huwa mkali kuliko wa filamu nyingi za mapigano. Watu wanasimama. Watu wanaitukana skrini. Na karibu kila mara anayetukanwa, kwa maoni yangu, siye.

Kwanza niwaeleze wahusika. Leila na Reza ni vijana wa Tehran, wa familia zenye uwezo, waliosoma. Leila anaigizwa na Leila Hatami, ambaye wengi walimjua baadaye kwa filamu ya A Separation ya mwaka 2011. Reza anaigizwa na Ali Mosaffa, na hao wawili baadaye walioana kweli. Mama yake Reza ni Jamileh Sheikhi. Laiti ningeweza kuwaonyesha uso wa mama huyo kupitia redio! Hana hasira na hapandishi sauti. Ni mama aliyejitunza, msemaji mzuri, mwenye yakini ya mtu ambaye maishani mwake hajawahi kukataliwa jambo.

Leila na Reza walikutana siku ya kupika sholeh zard, yaani wali unaopikwa na sukari na zafarani mpaka ulainike, ukapakuliwa bakulini na kunakshiwa kwa mdalasini. Wairani huupika kwa nadhiri na kuugawa kwa majirani na jamaa. Ndugu zangu wa Pwani hamhitaji kuelezwa nadhiri ni nini. Masufuria makubwa yako uani, wanawake wanakoroga kwa zamu, watoto wanapishana na bakuli, na katikati ya pilikapilika hizo kijana anamwona binti. Haipiti miezi mingi wanaoana.

Upendo wao ni wa kweli, na Mehrjui anataka tuuamini kabla hajaanza kuuvunja. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Kanuni za sinema za Iran zilikataza mwanamume na mwanamke kugusana mbele ya kamera, hata kama katika hadithi ni mume na mke, na mwigizaji wa kike hufunika nywele hata akiwa jikoni mwake. Basi mapenzi yote yamebebwa na macho, na chakula, na utani wa mezani, na namna mmoja anavyoingia chumbani na mwingine akageuka. Nimeona filamu zenye kukumbatiana mwanzo mpaka mwisho ambazo hazikunishawishi hata robo ya hii.

Siku ya kuzaliwa kwake Leila anapata habari kwamba hatashika mimba. Wanahangaika na waganga wa hospitali, vipimo, matibabu. Haikuwa. Reza anamwambia mkewe kwamba yeye hana haja ya mtoto, alimwoa Leila, hakumwoa mtoto ambaye hajazaliwa. Anasema hivyo kwa upole na nadhani anamaanisha.

Ndipo simu inapoanza kulia.

Mama mkwe anapiga asubuhi, anapiga mchana, anapiga Reza akiwa kazini. Hampigii mwanawe, anampigia mkwewe. Na sikilizeni anavyosema, kwa sababu umahiri wa filamu uko hapa. Hamwambii Leila aondoke, wala hamwiti tasa. Anamwambia: wewe ni mwanangu, wewe una akili, wewe una moyo mkubwa. Anamwambia kwamba Reza anaficha uchungu wake, kwamba anasema hataki mtoto kwa sababu anakuhurumia wewe, lakini mimi mama yake namjua, usiku halali. Anamkumbusha kwamba Reza ndiye mtoto wa kiume pekee, dada zake wote wataolewa na kuzalia koo za watu, na jina litapotea. Kisha anaiweka hukumu mikononi mwa Leila: ukimpenda kweli, utamruhusu.

Wangapi miongoni mwenu mmeisikia sauti hiyo? Si lazima iwe ya mama mkwe. Inaweza kuwa ya shangazi aliyekuja kukaa wiki moja akakaa mwezi. Inaweza kuwa ya wifi anayeuliza mbele ya wageni mbona tumbo bado halijajibu. Inaweza hata kuwa ya mama yako mzazi, anayekuletea mizizi ya kuchemsha bila wewe kumwomba. Tumezoea kuiogopa jamaa inayofukuza, inayorusha nguo za mke uani. Mehrjui anatuonyesha jamaa inayobembeleza. Mke anayefukuzwa ana wa kumlilia, ana kesi ya kupeleka kwa wazee. Huyu wa kubembelezwa atamshitaki nani? Mama amemsifu.

Tena filamu inatuziba njia zote za kisingizio. Umaskini haupo. Hakuna aliyeshurutishwa na mila ya kijiji. Baba yake Reza hataki jambo hili kabisa. Dada zake Reza, yaani mawifi ambao katika hadithi nyingi ndio nyoka wa nyumba, wamesimama upande wa Leila na wanamwambia waziwazi asikubali. Hesabu kura za nyumba ile: baba hapana, dada hapana, mume anasema hapana, Leila mwenyewe moyoni hapana. Ni mtu mmoja tu anayetaka. Na mtu huyo mmoja anashinda.

Anashinda vipi? Kwanza, anashinda kwa sababu Leila amenyamaza kwao. Familia yake ni ya watu wengi, wachangamfu, wenye kupendana, lakini habari ya kizazi chake hawaambii. Aibu imemfunga mdomo. Namwelewa. Mwanamke asiyezaa hubeba ugonjwa kama mtuhumiwa, wakati mwenye kisukari au pumu anatembelewa na kuletewa matunda. Lakini kwa kunyamaza kwake amejikata na watu ambao wangeingia garini usiku huohuo kuja kumsemea, akabaki na sauti moja tu masikioni, ile ya kwenye simu.

Pili, anashinda kwa sababu ya Reza. Na hapa ndipo ninapoomba tusimame kidogo.

Watazamaji humchukia mama. Mimi mama namlaumu, sina la kumtetea, ila namfahamu. Ni kizazi chake, ni hofu ya mtu mzima anayeona jina linakatika. Lakini Reza? Reza ni kijana mwema. Hapigi, hatukani, hana nyumba ndogo. Kila akiulizwa anasema sitaki mke mwingine. Kisha mkewe akimwambia twende tukamwone binti fulani, anachukua ufunguo wa gari. Akitoka huko anacheka na kusema yule hafai. Mkewe akisema basi twende kwa mwingine, anachukua ufunguo tena. Kila hatua anasema: ukitaka wewe, Leila, uamuzi ni wako, Leila, mimi nafanya kwa ajili yako. Hakuna hata siku moja anayokwenda kwa mama yake, akafunga mlango, akakaa naye ana kwa ana, akasema: Mama, nakuheshimu, lakini usimpigie tena mke wangu simu. Sentensi moja tu, na ingetosha. Asingemvunjia mama adabu, maana kumsemea mkeo kwa wazazi wako ndiyo kazi ya mume, na hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Mkwe akijibu anaambiwa amekosa malezi. Mtoto wa kumzaa akisema, mama atanuna, atalia, ataacha kula siku mbili, kisha maisha yataendelea.

Reza ameiona kazi hiyo ni nzito akamwachia mkewe aifanye. Akauita unyonge wake heshima kwa mama, na tena akauita upendo kwa mke. Wanaume wengi wanaonisikiliza sasa ni watu wema kama Reza. Ndiyo maana nasema nao. Mwanamume mkatili hasikilizi kipindi kama hiki.

Sasa kuna msemo wetu ambao husikika kila filamu hii inapofika usiku wa harusi. Leila mwenyewe ameisafisha nyumba, ameandaa chumba, ameweka kila kitu mahali pake, maharusi wanaingia, na yeye yuko chumba cha pili. Hapo watazamaji husema: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Si amekubali mwenyewe? Si amemtafuta mwenyewe? Nimeusikia msemo huo ukisemwa na wanawake zaidi kuliko wanaume, na unaniumiza. Mwiba huu Leila hakujidunga. Alishikwa mkono, kidole kikaelekezwa, akaambiwa mkono ni wako. Usiku huohuo anaondoka, anakwenda kwao. Mwili wake ulikataa kile ambacho ulimi ulikuwa umekubali kwa miezi.

Suala hili la kukubali halipo kwenye filamu tu, lipo kwenye vitabu vya sheria. Nchini Iran, Sheria ya Kulinda Familia ya mwaka 1967, iliyopanuliwa mwaka 1975, ilimtaka mwanamume anayeongeza mke apate kibali cha mahakama, na miongoni mwa mambo yaliyoweza kumpatia kibali ni ridhaa ya mke aliyepo, au mke huyo kutozaa. Baada ya mapinduzi ya 1979 sheria hiyo iliwekwa kando. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ya mke mmoja inaweza kugeuzwa kuwa ya wake wengi pale tu mume na mke wote wawili wanapotamka mbele ya hakimu kwamba wamekubaliana kwa hiari yao, na ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuki maadamu wanabaki kwenye dini hiyo. Mke ambaye tayari yumo kwenye ndoa ya wake wengi naye amepewa nafasi ya kuweka pingamizi, kwa mfano akiona uwezo wa mume hautoshi na nyumba itaingia dhiki. Majirani zetu wa Kenya walipopitisha Sheria ya Ndoa mwaka 2014, wabunge waliondoa kifungu cha kumtaka mume ashauriane na mke wake wa kwanza, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira.

Naziheshimu sheria zinazodai hiari ya mke, na nawaunga mkono wale wanawake waliotoka ukumbini. Lakini mweke Leila mbele ya hakimu yeyote, umwulize: umekubali kwa hiari yako? Atajibu ndiyo. Atajibu kwa sauti iliyotulia, pengine na tabasamu. Hakimu hataisikia simu iliyolia kila asubuhi. Wala sidhani kwamba ipo sheria inayoweza kuisikia. Hapo mtu wa kulinda hiari ya mke ni yule aliyemo ndani ya nyumba.

Niseme pia neno kuhusu wakati wenyewe, kwa sababu si wa zamani kama unavyodhaniwa. Miaka hiyo ya tisini serikali ya Iran ilikuwa ikihimiza watu wazae watoto wachache. Mwaka 1993 ilipitishwa sheria ya uzazi wa mpango iliyopunguza stahili za mtoto wa nne na kuendelea, na wachumba walipitishwa kwenye mafunzo kabla ya ndoa. Kiwango cha uzazi, kilichokuwa zaidi ya watoto 6 kwa mwanamke katikati ya miaka ya themanini, kilishuka hadi kama 2 ilipofika mwaka 2000. Kwa hiyo nje, redio na mabango yanasema mtoto mmoja au wawili wanatosha. Ndani, mama mkwe anasema bila mjukuu wa kiume hatuna kitu. Na kwa Leila, ambaye hana hata mmoja, yote mawili ni kelele.

Matibabu nayo yalikuwa yamefika. Mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mama alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Iran walimpata wa kwao mjini Yazd mwaka 1990, na mwaka 1991 ikaanzishwa taasisi ya matibabu ya uzazi ya Royan mjini Tehran. Mwaka 2003, miaka 6 baada ya filamu yetu, bunge la Iran likaruhusu wanandoa wasiopata mtoto kupewa kiinitete cha wanandoa wengine. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaosema filamu hii imepitwa, kwamba siku hizi Leila angekwenda kliniki na mambo yakaisha. Hapana. Leila alikwenda kliniki. Kliniki zote hizo zingeweza kumpa Reza mtoto, lakini sioni ambayo ingempa ujasiri wa kumjibu mama yake.

Na tukiwa hapo kliniki, naomba hili lisikike vizuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake. Ni watu wa mtaani kwako hao, si visa vya ajabu. Tatizo huhesabiwa pale wanandoa wanapokutana kwa mwaka mzima bila kinga na mimba isitunge. Upande wa mwanamke, mara nyingi katika nchi zetu ni mirija ya uzazi iliyoziba kwa sababu ya maambukizo kama klamidia na kisonono, magonjwa ambayo yanaweza kukaa mwilini kimya pasipo dalili, na ambayo mke anaweza kuwa ameletewa na huyohuyo mume ambaye ukoo unalalamika kwamba hana mtoto. Upande wa mwanamume ni mbegu: uchache wake, au udhaifu wake, au kutokuwapo kabisa. Mwanamume huchangia katika kama nusu ya matukio yote. Kupima mbegu ni miongoni mwa vipimo vyepesi kuliko vyote, hakuhitaji kisu wala dawa ya usingizi. Hata hivyo nendeni mkaone benchi la kliniki: mke kaja peke yake, miaka mitatu anapigwa picha, anapulizwa mirija, anameza vidonge, na mume hajawahi kutia mguu pale. Anasema yeye mzima. Amejuaje?

Katika filamu ni kweli kwamba dosari iko kwa Leila. Reza naye, tuseme haki, alikuwa naye katika kuhangaika. Lakini jiulizeni ingekuwa kinyume chake. Ingekuwa Reza ndiye asiyezaa, je, mama yake Leila angepiga simu kila asubuhi kumwomba mkwe amruhusu mkewe aende kwa mwingine? Tungeona ni wazimu. Leila angeambiwa asubiri, avumilie, amsitiri mumewe, na kesho yake mtaa mzima ungeendelea kusema mke ndiye tasa, naye angenyamaza kwa heshima ya nyumba. Wako wanawake wengi walioufunika ugumba wa waume zao hivyo mpaka kaburini.

Mehrjui mwenyewe hayupo tena. Yeye na mkewe, Vahideh Mohammadifar, waliuawa nyumbani kwao karibu na Tehran Oktoba 2023. Alikuwa amepata jina kwa filamu ya Gaav, yaani Ng'ombe, ya mwaka 1969, na katika miaka ya tisini akageukia habari za wanawake ndani ya ndoa, filamu baada ya filamu. Ninachomshukuru zaidi ni kwamba hakumtafutia Leila malipizi mepesi.

Maana mke wa pili alizaa. Alizaa binti, akaitwa Baran. Wa kiume aliyetamaniwa hakuja. Na yule mke wa pili naye ndoa haikumkalia, akaondoka, mtoto akabaki kwa Reza. Kwa hiyo bibi amepata mjukuu asiyekuwa wa kulibeba jina, mwanawe hana mke, na mke aliyekuwa anampenda yuko kwao. Mtu angeweza kuishia hapo akasema, haya, ukoo umevuna ulichopanda. Lakini mtoto yupo. Anatembea, anacheka, ana jina. Leila anamtazama na anawaza kwamba lau si ung'ang'anizi wa bibi yule, mtoto huyu asingekuja duniani. Ukishamwona Baran, hutaweza kutamani asingezaliwa. Wala hutaweza kusema kwamba ilikuwa sawa.

Je, Leila amrudie Reza? Filamu haisemi, na hapo ndipo mijadala ninayoikuta hugawanyika. Wengi hutaka arudi, kwa ajili ya mtoto, kwa kuwa wanapendana, kwa kuwa Reza amechakaa kwa upweke na mke mwenza hayupo tena. Mimi nasema kuondoka kwa mke mwenza hakujatatua lolote, kwa sababu tatizo halikuwa yeye, na yule binti wa watu naye alidhulumiwa kwa kuingizwa kwenye nyumba isiyomhitaji ila kwa tumbo lake. Leila asirudi kwa kuonewa huruma, wala kwa kutumwa na wazee, wala kwa kuitwa mama wa Baran. Kabla ya kumjibu Reza, amwulize kama amekwishazungumza na mama yake. Na kama bado, amsubiri huko huko kwao.